Kukagua gari la spoti lililotumika kabla ya kulinunua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayoulizwa zaidi na wanunuzi wanaokaribia kutoa fedha kwa ajili ya gari la spoti ambalo limekwisha kupita mikononi mwa wengine. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu asiye fundi lakini mwenye macho, masikio, pua na subira, ingawa mahali kadhaa atashauriwa kumwita fundi anayeijua aina hiyo ya gari.

Gari la spoti lina nini hata lihitaji ukaguzi wa pekee?

Tofauti yake na magari mengine haiko kwenye kasi, iko kwenye matumizi. Gari la kawaida huchakaa kidogo kidogo, na kwa hiyo kilomita zake hueleza mengi kuhusu hali yake. Gari la spoti laweza kuwa na kilomita 40,000 tu na bado injini yake ikawa imeteswa kuliko ya teksi iliyotembea mara tano ya hizo: limewashwa asubuhi na kupigwa resi kabla oili haijapata joto, limeachiwa klachi kwa kishindo kila taa ya kijani ilipowaka, limezungushwa kwenye uwanja wa mbio mpaka breki zikatoa harufu ya kuungua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosomeka kwenye saa ya kilomita. Ndiyo maana kila hatua ya ukaguzi inayoelezwa hapa chini inatafuta jambo moja, nalo ni jinsi mwenye gari alivyoliendesha na kulitunza wakati hakuna aliyekuwa akimtazama.

Nijiandae vipi kabla ya kwenda kuliona?

Jifunze kwanza maradhi ya aina hiyo ya gari, kwa sababu karibu kila gari la spoti lina ugonjwa wake wa ukoo. Porsche 911 ya kizazi cha 996 na Boxster ya kizazi cha 986, zote za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinajulikana kwa beringi ya shafti ya kati iliyo ndani ya injini, ambayo ikivunjika huondoka na injini nzima. Matoleo ya 911 Turbo na GT3 ya kizazi hicho hayana tatizo hilo kwa kuwa injini yake ni ya usanifu mwingine. BMW M3 ya kizazi cha E46, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2006, hupasuka bati la sakafu pale inapofungwa fremu inayobeba ekseli ya nyuma, na beringi za konrodi zake, yaani mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, nazo ni za kuulizia. Honda S2000, ya 1999 hadi 2009, huchakaa pete zinazolainisha uingiaji wa gia ya pili. Mazda MX-5 huliwa na kutu kwenye vizingiti vya milango upande wa nyuma, mara nyingi kwa sababu mifereji ya kutolea maji ya paa la turubai imeziba kwa majani na taka. Lotus Elise, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ina chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na chesisi hiyo ikipinda hainyooshwi kama ya chuma.

Ukiujua ugonjwa wa ukoo, mazungumzo yako na muuzaji hubadilika. Hutamuuliza tena kama gari ni zima, swali ambalo wauzaji wote hulijibu kwa namna moja. Utamuuliza beringi ile ilibadilishwa lini, na nani, na risiti iko wapi. Angalia pia anavyojibu. Mtu aliyelipenda gari lake huwa na habari nyingi kuhusu ugonjwa huo kuliko wewe, na wakati mwingine utashindwa kumnyamazisha.

Ni nyaraka zipi zinazostahili kusomwa kwa makini?

Anza na namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotengenezwa tangu 1981 kwa kufuata utaratibu unaotumika katika nchi nyingi, namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na haina kamwe herufi I, O wala Q, kwa sababu hufanana mno na 1 na 0. Isome mahali pote ilipoandikwa, yaani kwenye bati lenyewe, chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango na kwenye hati ya usajili, kisha uhakikishe zote zinasema neno moja. Bati lenye alama za kusuguliwa kuzunguka namba, au ripiti zisizofanana na nyingine, ni sababu tosha ya kusitisha mazungumzo. Namba hiyohiyo ndiyo itakayokuambia kama toleo la nguvu zaidi unalouziwa lilitoka kiwandani hivyo, au kama ni gari la kawaida lililobandikwa nembo na kufungwa bampa la ndugu yake.

Rekodi za matengenezo zisomwe kwa tarehe na kwa kilomita pamoja. Muhuri katika kitabu ni rahisi kupigwa. Risiti yenye orodha ya vipuri na namba ya gari ni ngumu zaidi kuibuni. Zingatia hasa vitu vinavyobadilishwa kwa miaka hata kama gari halikutembea: oili, maji ya breki, na mkanda wa taimingi. Muuzaji wa Ferrari F355 akikuambia kwamba mkanda haujafikia kilomita zake, kumbuka kwamba mpira huzeeka hata ukiwa umekaa, na kwamba kwenye gari hilo injini hushushwa chini ili mkanda ubadilishwe. Gharama ya kazi hiyo ndiyo humfanya mtu aamue kuliuza gari mwezi mmoja kabla ya muda wake.

Kwa nini inasisitizwa kwamba injini iwe baridi ninapofika?

Kwa sababu injini iliyopata joto huficha aibu zake. Oili ikiwa imekwisha kuzunguka, cheni ya taimingi iliyolegea hukazwa na mgandamizo wa oili na kunyamaza, pistoni iliyochakaa hutanuka na kuacha kugonga, na moshi uliojikusanya usiku kucha huwa umekwisha kutoka. Mwombe muuzaji siku moja kabla asiliwashe gari, na ufikapo, kabla hata hamjamaliza kusalimiana, weka kiganja juu ya boneti.

Niliwahi kufika kwa muuzaji mapema asubuhi na kukuta boneti ina joto la pasi. Alisema alikwenda kuliosha, lakini vumbi la siku kadhaa lilikuwa bado limetulia juu ya matairi na kwenye mikunjo ya rimu. Nilikaa kusubiri kwa saa tatu, jambo ambalo hakulitarajia, na lilipowashwa baada ya hapo injini ilitoa mchakacho wa cheni kwa sekunde nne hivi, kama mtu anayetikisa kopo lenye misumari, kisha ikatulia na kuwa tamu. Lau ningeliwasha nilipofika nisingesikia chochote.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Kiwango kiwe kati ya alama mbili, na rangi iwe ya asali au ya kahawia. Nyeusi si kosa lenyewe, lakini inaonyesha oili imekaa. Ukikuta ukoko wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, huenda maji yanaingia kwenye oili, ingawa gari linalofanya safari fupi tu laweza kuwa na kidogo kutokana na unyevu. Fungua pia tanki la akiba la maji ya rejeta na utazame kama kuna mafuta yanayoelea. Magari yenye mfumo wa oili unaotumia tanki la pembeni, kama 911 nyingi za zamani, hayapimwi yakiwa baridi: oili yake husomwa injini ikiwa imepata joto na inazunguka, kwa hiyo usiogope kijiti kikavu cha asubuhi.

Kisha muuzaji awashe yeye, nawe usimame nyuma. Sikiliza sekunde kumi za kwanza kuliko saa nzima itakayofuata. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini kabisa ya injini, unaoongezeka unapokanyaga mafuta, ni dalili ya beringi za konrodi, na injini iliyoanza kunoki haina bei nzuri. Mlio mwembamba wa tiki-tiki kutoka juu huenda ukawa wa valvu, na kwenye injini nyingine ni wa kawaida kabisa mpaka oili ifike. Halafu mwache muuzaji aendeshe kilomita za mwanzo, umtazame mguu wake. M3 ya E46 ina taa ndogo kwenye kipimo cha mizunguko zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri injini inavyopata joto, ili dereva ajue asivuke wapi. Muuzaji anayezipita taa hizo mbele ya mnunuzi alikuwa akizipita kila siku.

Rangi ya moshi inasema nini?

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha, huenda ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga baada ya kushuka mlima kwa gia bila mafuta, fikiria sili hizo pia au ringi za pistoni. Ukitoka baada ya gari kuunguruma mahali pamoja kwa dakika kadhaa, na gari lina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini), tazama tabo. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi si huo. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na tiba yake mara nyingi ni nafuu kuliko ya hizo nyingine mbili.

Je, ni lazima kupima mgandamizo wa silinda?

Kwa gari la bei ndogo lenye injini ya kawaida unaweza kuamua usipime. Kwa gari la spoti ningelipia kipimo hicho hata kama kila kitu kingine kinapendeza, kwa sababu ni miongoni mwa vipimo vichache vinavyokupa namba badala ya maoni. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini; kinachotafutwa zaidi ni kulingana. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, iko sababu, na fundi ataitafuta kwa kipimo cha uvujaji, ambapo hewa huingizwa kwenye silinda na kusikilizwa inatokea wapi: kwenye bomba la moshi maana yake valvu ya kutolea moshi, kwenye mdomo wa kujazia oili maana yake ringi, kwenye rejeta kama mapovu maana yake gasketi ya silinda hedi.

Injini ya rota ya Mazda RX-7 au RX-8, ambayo badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka, haipimwi kwa kifaa cha kawaida. Kila rota ina nyuso tatu, na injini yenye rota mbili inapaswa kutoa namba sita, zikiwa zimesahihishwa kulingana na kasi ya stata. Fundi asiye na kifaa hicho atakupa namba mbili zinazoficha vizibo vya ncha za rota vilivyokufa. Njia ya mkato kwa asiye na kifaa ni kuliendesha gari mpaka lipate joto kamili, kulizima, kusubiri dakika tano na kuliwasha tena. Rota iliyochoka hugoma kuwaka ikiwa ya moto. Kuhusu oili, usishangae RX-8 ikiitumia, kwa kuwa injini hiyo imeundwa kuchoma oili kidogo ili kulainisha vizibo vyake. La kushangaza ni mwenye gari anayejisifu kwamba hajawahi kuongeza.

Nitajuaje kama gari liliwahi kugongwa?

Liangalie mchana, likiwa kavu, nje ya banda. Maji hulainisha kila kasoro ya rangi, na taa za dukani hufanya hivyohivyo. Chuchumaa pembeni mwa taa ya nyuma, uangalie ubavu wote mpaka mbele kama unayelenga shabaha. Mstari wa mwanga unaopita juu ya milango usikatike wala kutetemeka. Linganisha nafasi kati ya boneti na panga la tairi, yaani bati linalofunika gurudumu, upande wa kushoto na wa kulia. Pitisha ukucha ndani ya ukingo wa mlango kutafuta ngazi ya rangi pale karatasi ya kuzuilia rangi iliponata, na utazame mipira ya madirisha kama ina chembechembe za rangi.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo ambacho waweza kukiazima. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 160. Ikivuka 200 mahali pamoja tu, bati hilo limepakwa upya, na ikifika 1,000 hapo pana puti. Kupakwa upya bampa la mbele si kosa kwenye gari linalotembea chini namna hii, kwani kokoto hulipiga kila siku. Mshuku nguzo, paa, na bati la buti. Tahadhari mbili: sumaku haishiki alumini, na kipimo cha bati hakisomi plastiki, faibaglasi wala nyuzi za kaboni, kwa hiyo kwenye Elise au Corvette utakuwa unapima hewa. Kwenye magari hayo tafuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka taa na bawaba.

Fungua boneti na buti, inua zulia. Sakafu ya buti inapaswa kuwa na mikunjo ya kiwandani na sili iliyopakwa kwa mkono mmoja ulio thabiti. Pale sili inapobadilika umbo, au nati za mapanga ya tairi zinapokuwa na vichwa vilivyochubuka, kuna mtu alifungua. Linganisha pia tarehe za vioo. Kioo kimoja cha baadaye kuliko vingine si ushahidi wa ajali, lakini ni swali la kuuliza.

Je, kuna haja ya kulinyanyua gari?

Ipo. Gari la spoti liko karibu na ardhi, na yaliyo chini yake huwezi kuyaona kwa kuinama. Likiwa juu ya lifti ya gereji, tazama uvujaji wa oili kwenye maungio ya injini na giaboksi, shokapu zilizolowa, bushi zilizopasuka, mabomba ya breki yenye kutu, na mikwaruzo mirefu chini ya bampa na vizingiti. Sehemu za kuinulia jeki zilizobonyea kwa ndani zinaonyesha fundi mzembe, na fundi mzembe hazembei mahali pamoja tu. Kwenye gari lenye rejeta ndani ya bampa la mbele, kama Boxster, mulika tochi kupitia matundu: majani makavu yanayokusanyika humo hushika unyevu na kuozesha rejeta polepole.

Nifanye nini hasa ninapoliendesha kwa majaribio?

Redio izimwe na vioo vishushwe. Anza taratibu, na gia ya pili iingizwe giaboksi ikiwa bado baridi, kwa kuwa ndipo pete zilizochakaa hukwaruza. Ukifika barabara iliyonyooka, weka gia ya juu kwa mwendo mdogo na ukanyage mafuta hadi chini: mizunguko ikipanda haraka huku kasi ikibaki palepale, klachi imekwisha. Klachi inayotetemeka wakati wa kuondoka, au mchakacho unaosikika gari likiwa limesimama na unaobadilika ukikanyaga pedali, unaweza kuwa wa flaiwili (gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi) ya vipande viwili, ambayo hubadilishwa pamoja na klachi na huongeza sana hesabu.

Giaboksi ya klachi mbili ina tabia yake. Kwa mwendo wa kujongea, kama wa kuegesha, isirukeruke wala kusita. Jaribu kulirudisha nyuma kwenye mwinuko mdogo. Uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, kwa sababu wenye magari wengi huikumbuka ya injini na kuisahau hii.

Ondoa mikono kidogo kwenye usukani mahali palipo salama, gari lifuate mstari. Mvumo unaokua na kasi na kubadilika ukikata kona ni wa beringi ya gurudumu. Mlio wa kugonga nyuma unapoachia na kukanyaga tena mafuta waweza kuwa wa difu, bushi zake, au, kwenye E46 tuliyoitaja, sakafu inayoachia. Tabo ivute bila kusita na bila mluzi wa king'ora. Baada ya dakika ishirini, tazama kipimo cha joto, kisha uliache gari likiunguruma mahali pamoja mpaka feni ijiwashe yenyewe. Wanunuzi wengi huondoka kabla ya feni, na wauzaji wenye rejeta zilizoziba wanalijua hilo.

Breki na matairi yanaweza kunieleza nini?

Zaidi ya uzima wake, hukueleza tabia ya mwenye gari na uwezo wa mfuko wake. Kila tairi lina tarakimu nne za tarehe mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lenye nguvu nyingi lililofungwa matairi ya bei ya chini kabisa, au ya chapa nne tofauti, ni la mtu aliyeanza kubana matumizi, na hakuanzia kwenye matairi. Tairi lililolika upande wa ndani laweza kuwa la alaimenti tu, au la chesisi iliyopinda. Karatasi ya kupima alaimenti itatenganisha hayo mawili.

Diski za breki huwa na unene wa chini uliochapwa kwenye ukingo wake, kwa hiyo pima badala ya kukisia. Nyufa ndogondogo zinazotoka kwenye matundu ya diski, rangi ya zambarau iliyoungua, na vipande vya mpira vilivyogandia ndani ya mapanga ya tairi ni alama za uwanja wa mbio. Sisemi usilinunue gari lililowahi kwenda uwanjani, kwani wenye kwenda huko mara nyingi hubadilisha oili na maji ya breki mapema kuliko wengine. Nasema bei yake isiwe ya gari ambalo halikwenda. Kama diski ni za kauri na kaboni, mwombe fundi mwenye uzoefu nazo azikague kingo zake, kwa maana huweza kuonekana nzima huku zikiwa zimeungua, na bei yake itakushtua kuliko injini za magari mengine.

Kupima gari kwa kompyuta kunasaidia kiasi gani?

Kunasaidia, lakini si kwa sababu wengi wanayoidhani. Tundu la OBD2, yaani la kuchomekea kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, ni la lazima kwenye magari yanayouzwa Marekani tangu 1996 na kwenye magari ya petroli Ulaya tangu 2001, na kifaa rahisi husoma makosa yaliyohifadhiwa. Muuzaji mjanja anayafuta asubuhi. Asichoweza kukiharakisha ni vipimo vya ndani vya kompyuta, ambavyo hurudi kuwa "havijakamilika" baada ya kufuta na huhitaji safari kadhaa ili vikamilike. Ukikuta gari halina kosa hata moja lakini vipimo vingi havijakamilika, kuna mtu aliifuta kumbukumbu juzi au aliivua betri, na ni haki yako kuuliza kwa nini. Washa swichi pia bila kuwasha injini: taa za injini, ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza, ndipo zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa.

Kwenye Porsche nyingi kuna hazina nyingine. Kompyuta ya injini huhesabu mara ambazo mizunguko ilivuka kikomo, ikizipanga kwa ngazi na kwa saa za injini. Ngazi za chini hupatikana dereva akigusa kikomo kwa kukanyaga mafuta, na si za kutisha. Za juu hupatikana kwa namna moja tu: dereva alitaka gia ya nne akaingiza ya pili, magurudumu yakaizungusha injini kwa nguvu, na hakuna kifaa cha kielektroniki kinachoweza kuzuia hilo. Omba taarifa hiyo ichapwe.

Vipi kuhusu gari lililofanyiwa mabadiliko?

Kila badiliko liwe na risiti na jina la aliyelifanya. Programu ya injini iliyoongezwa nguvu bila kuimarisha klachi, mafuta na upoozaji huifupishia injini maisha, na kwenye Subaru Impreza za lita 2.5 zenye tabo kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni ndizo hulipa deni hilo. Kibaya zaidi ni gari lililorudishwa kuwa la kawaida wiki moja kabla ya kuuzwa: bomba la moshi lenye nati mpya zinazong'aa kwenye chuma chenye kutu, matundu yaliyozibwa kwenye dashibodi pale palipokuwa na kipimo cha tabo, nyaya zilizofungwa kwa utepe chini ya usukani.

Je, kilomita chache sana ni jambo jema?

Si lazima. Gari lililokaa miaka kumi bandani lina sili zilizokauka, petroli iliyogeuka gundi, matairi magumu na betri iliyokufa, na panya huenda wamekula nyaya. Ningechagua lile lililotembea kilomita elfu chache kila mwaka. Kuhusu kilomita zilizorudishwa nyuma, linganisha namba na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, ambao ndio hulika kwanza kwenye viti vinavyobana mwili. Kompyuta nyinginezo za gari, kama ya giaboksi, wakati mwingine huhifadhi namba yao wenyewe.

Kuna jambo la usalama ambalo wanunuzi hulisahau?

Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Vifaa vyake vya kuijaza hewa vinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na magari yaliyoitwa kurudishwa kwa ajili hiyo ni pamoja na S2000 na RX-8. Ulizia kwa namba ya chesisi kwa watengenezaji kama ilishabadilishwa. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa bila malipo.

Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe na fundi wangu?

Msikilize sababu kwanza. Asiyetaka gari lake liondoke bila yeye ana haki, na dawa yake ni yeye kuja nalo, au fundi kumfuata. Asiyetaka plagi zifunguliwe na mtu asiyemjua anaweza kukubali gereji anayoiamini, mradi si ile inayomuuzia gari. Lakini anayesema kwamba kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni na fedha mkononi, mwachie mnunuzi huyo. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara zote mbili gari lilikuwa bado linauzwa miezi miwili baadaye, mojawapo likiwa na injini nyingine.